Dirisha la Dawa la Gereza Letu

Wenzangu wa zahanati ya gereza waliniomba niwaachie maandishi. Walisema nikiondoka na kichwa changu nitakuwa nimeondoka na kabati moja zima. Basi nimeketi barazani kwangu hapa Isansa, kahawa imeshachumwa, mvua bado, nayaandika kama yalivyotokea. Vyeo sitavitaja. Anayetaka kujua nilifika wapi, picha ipo ukutani na mabega yanaonekana.

Niliingia kazini katikati ya miaka ya themanini, wakati maduka yalipoanza tena kuwa na sabuni. Nilikuwa nimetoka chuo cha askari, viatu vikinibana, na akilini nilijiona nimesimama mnarani na bunduki. Mkuu wa gereza alisoma cheti changu cha kidato cha nne, akaona nimefaulu kemia, akasema, "Wewe nenda kwa Mzee Kibona." Niliondoka nikiamini kwamba Mzee Kibona ndiye anayegawa bunduki.

Kumbe Mzee Kibona alikuwa mtoa dawa. Chumba chake kilikuwa kati ya lango la nje na lango la ndani, chumba kimoja chenye dirisha la nondo lililotazama uani. Chini ya nondo palikuwa na uwazi wa kupitisha kikombe, basi. Mwenyewe alikuwa Mndali wa Ikinga, mfupi, miwani yake imefungwa sikioni kwa waya. Herufi ya zeti ilimshinda maisha yake yote, kwa hiyo dozi kwake ilikuwa "dosi", na sisi sote tuliokuja kufundishwa naye tukazoea kusema dosi. Wakaguzi walitucheka. Hatukubadilika.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia.

"Marahaba. Umenawa?"

Jina langu hakuliuliza mpaka niliponawa. Kisha alinipa sahani ya kuhesabia vidonge, bati jembamba alilolikata mwenyewe na kulikunja ukingo, pamoja na kijiko bapa. Akafungua kopo la aspirini, akamimina kidogo. "Hesabu mia. Tano tano. Kidole kisiguse."

Nilihesabu, nikamsogezea sahani kwa kujiamini. Akahesabu yeye. Vilikuwa tisini na nane.

"Vimepungua viwili tu, mzee."

"Viwili tu," alirudia taratibu. "Mgonjwa huyu kila dosi yake ni viwili. Asubuhi umempa, mchana umempa. Ya jioni umeila wewe."

Nilihesabu aspirini mpaka saa nane mchana. Chakula kilikuja, kikapoa, kikaondoka.

Ninyi mliosoma vyuoni mnaijua kazi ya dawa kuliko sisi tulivyoijua wakati ule. Lakini dawa ya gerezani ina tabia zake, na hizo hazifundishwi darasani. Kwanza, chupa ya kioo haivuki lango la ndani. Dawa za maji tulizipimia dirishani, mgonjwa anakunywa hapo hapo. Pili, kidonge humezwa mbele ya macho yako. Mtu anameza, anafungua mdomo, anainua ulimi, anaonyesha mashavu. Mwanzoni niliona aibu kuwatazama watu wazima vinywani. Baada ya wiki mbili nilimkamata mmoja aliyeficha kidonge cha usingizi chini ya ulimi, na pindoni mwa shati vitatu vya siku zilizopita, vimelainika kama ugali uliomwagiwa maji. Kule ndani vilikuwa na thamani kubwa, kidonge kwa msokoto wa tumbaku. Aibu ikanitoka.

Tatu, na hili Mzee Kibona alilishikilia kuliko yote, usiulize kosa la mtu. "Ukijua alichofanya," aliniambia, "siku moja mkono wako utakuwa mzito. Hutajua kwamba umekuwa mzito. Bora usijue." Miaka yote niliyokaa pale niliwajua watu kwa vifua vyao, matumbo yao na vidonda vyao. Makosa yao waliyajua mahakimu.

Vifuko vya dawa havikuwepo. Tulikunja karatasi. Wengi wa wagonjwa hawakusoma, kwa hiyo kwa dawa chache tulizoruhusu ziingie ndani tulichora jua: jua linachomoza, jua la utosini, jua linazama, na chini ya kila jua vidoti kwa idadi ya vidonge. Nilikuwa mchoraji mbaya. Kuna mzee mmoja aliyerudi dirishani na kuniuliza kwa heshima kama dawa yake aimeze siku ya mayai. Tangu hapo nilichora jua lenye miale.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijawahi kuliandika, ingawa wengi mmelisikia likisemwa kwa namna mbalimbali. Namna ya kweli ni hii.

Ilikuwa mwaka wangu wa tatu. Mzee Kibona alifiwa na kaka yake, akaenda Ikinga kwa majuma matatu, akaniachia funguo. Nilijiona mtu mzima. Nikaamua kwamba akirudi akute chumba kimepangwa kupita alivyokiacha. Rafu niliziosha, makopo nikayapanga kwa urefu. Nyuma kabisa nikakuta kopo lenye lebo iliyoliwa na mende, limebaki kama robo. Ndani mlikuwa na vidonge vidogo vyeupe. Kopo letu la dawa ya kifafa lilikuwa linakaribia kwisha, na vidonge vyake vilikuwa vidogo, vyeupe. Nikatazama hivi, nikatazama vile. Nikamimina kopo kwenye kopo. Rafu ikapata nafasi, nikafurahi.

Mgonjwa wa kifafa tulikuwa naye mmoja tu, jina lake Lazaro, Mnamwanga mtaratibu mwenye macho ya kulala. Alikuwa amekaa zaidi ya mwaka bila kuanguka, ndiyo maana walimpanga jikoni kuchochea kuni. Siku ya nne au ya tano baada ya usafi wangu alikuja dirishani, akameza, akaonyesha ulimi, halafu hakuondoka.

"Afande, dawa hii siku hizi inanipeleka sana haja ndogo."

"Umekunywa maji mengi," nilimjibu. Foleni ilikuwa ndefu.

Baada ya siku mbili alianguka uani. Askari wa zamu alisema anajifanya ili akwepe kuni. Akaanguka tena bwenini, na wenzake wakasema anatafuta kuhamishiwa nafasi ya karibu na mlango. Nyapara akamhamishia kwenye nafasi mbaya zaidi kwa kumkomoa. Mara ya tatu alianguka jikoni, mbele ya jiko, mkono wa kushoto ukaingia kwenye makaa. Walipomleta zahanati alikuwa amepata fahamu na hakulia. Tabibu wetu alikuwa akimfunga mkono, na mimi nimeshika bakuli la maji ya chumvi, Lazaro akanitazama na kusema taratibu, kama mtu anayeeleza hali ya hewa, "Afande, nilikwambia kuhusu haja ndogo."

Nilirudi chumbani, nikamwaga kopo lote kwenye sahani. Nikavitazama vidonge kimoja kimoja karibu na dirisha. Vingine vilikuwa na mstari katikati. Vingine havikuwa nao. Tulikuwa na dawa moja tu yenye umbo lile na mstari ule, dawa ya kutoa maji mwilini, wanayopewa watu waliovimba miguu. Kwa majuma karibu mawili Lazaro alikuwa akipata siku nyingine dawa yake, siku nyingine dawa ya kukojoza, kutegemea kijiko changu kilivyochota.

Sitawadanganya. Nilichambua vile vyenye mstari, nikavifunga kwenye karatasi, nikaenda navyo hadi shimo la choo. Nilisimama pale muda mrefu. Hakuna mtu aliyekuwa akijua. Lazaro angeendelea kupata dawa sahihi, angeacha kuanguka, na watu wangesema ameacha ujanja wake baada ya kuungua. Hilo neno "ujanja" ndilo lililonirudisha. Nilirudi na karatasi yangu mfukoni, nikamweleza tabibu. Kesho yake Mzee Kibona alifika, bado amenyoa kichwa kwa msiba, nikamweleza na yeye, na karatasi nikaiweka mbele yake.

Alivitazama vile vidonge. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Aliuliza, "Umemwambia mwenyewe?"

"Nimemwambia tabibu. Na taarifa kwa Mkuu nitaiandika."

"Sijauliza hao. Mwenye mkono umemwambia?"

Wakati ule askari hakumwambia mfungwa kwamba amekosea. Halikuwa katazo lililoandikwa, lilikuwa tu halifanyiki. Nilimtajia hilo. Mzee Kibona akavua miwani yake, akafuta, akasema, "Hapa dirishani kuna mtoa dawa na mgonjwa. Mfungwa na askari wako huko nje."

Lazaro alikuwa kitandani, mkono umening'inizwa kwa kitambaa. Nilivuta kigoda nikakaa ili macho yetu yalingane. Nikamweleza yote, kopo la mende, kumimina, mstari katikati. Nilimwambia kwamba alipokuja kunieleza sikumsikiliza. Nilimwomba radhi. Nikadhani hajaelewa, maana Kiswahili chake kilikuwa cha shida kidogo.

Halafu akasema, "Basi mimi si mwongo."

"Hapana. Si mwongo."

"Nilikuwa naanguka kweli."

"Ulikuwa unaanguka kweli."

"Nenda kawaambie wale," alisema, akaelekeza kidevu upande wa mabweni. "Mkono utapona. Lakini kule wananiita mwongo."

Nilikwenda. Wakati wa kuhesabiwa jioni, jua bado halijazama, Mkuu wa gereza aliniruhusu nisimame mbele ya safu. Nilisema kwa sauti kwamba Lazaro aliugua kwa sababu mimi nilimpa dawa isiyo yake, na kwamba hakujifanya hata mara moja. Askari wa zamu alitazama viatu vyake. Nikasikia bendera ikipiga mlingoti. Kisha nyapara, mtu mwenye sura ngumu kama gogo, akasema, "Tumesikia, afande." Jioni hiyo hiyo Lazaro alirudishiwa nafasi yake.

Vidole vyake viwili havikunyooka tena. Mimi nilipata onyo la maandishi, na limo kwenye faili langu mpaka leo, karatasi halali iliyoandikwa vizuri. Lazaro alimaliza kifungo chake baada ya miaka miwili, akaenda zake, sikumwona tena. Ila sheria ya gereza letu kwamba kopo halimiminwi kwenye kopo, na kwamba dawa isiyo na lebo inaingia kwenye sanduku jekundu la kuteketezwa hata kama unaapa unaijua, chanzo chake ndicho hicho. Mkiisoma ukutani mjue haikutoka kitabuni.

Baadaye nilipelekwa kusoma, nikarudi na cheti, na Mzee Kibona akastaafu. Alipoondoka aliniachia sahani yake ya bati na ushauri mmoja: "Ukichoka, funga dirisha. Usitoe dawa umechoka." Nimelifunga dirisha lile mara nyingi kwa robo saa, foleni ikinung'unika, nikanawa uso, nikalifungua.

Miaka ikaenda, na mji wetu wa Tunduma ukabadilika mbele ya macho yetu. Nilipoanza kazi ulikuwa mji mdogo wa mpakani ambako ungeweza kusikia jogoo wa Zambia. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili malori yalipanga foleni mpaka nje ya mji, na maduka ya dawa yalikuwa kila kona, mengine mazuri kabisa, yenye watu waliosoma. Vilevile palikuwa na watu waliotembeza dawa kwenye beseni kama maandazi. Soko huria lilituletea dawa ambazo zamani tulizisikia kwa jina tu. Lilituletea pia vitu vyenye sura ya dawa.

Mwaka mmoja mvua zilikuwa kubwa na kundi la wafungwa lilikuwa limetoka kufanya kazi shambani bondeni, upande wa Momba. Walirudi na malaria. Kumi na mmoja waliugua kwa wiki moja. Dawa ya kwanza haikuwasaidia, na kwinini yetu ilikwisha, limebaki vumbi chini ya kopo na kidonge kimoja kilichovunjika. Mzigo wetu ulikuwa umekwama njiani kwa sababu ya barabara. Tabibu alikuwa na vichupa vichache vya sindano, akavitunza kwa ajili ya mmoja aliyezidiwa, mfungwa mzee, mfugaji wa bondeni aliyeitwa Masanja.

Habari zilifika mjini kupitia kanisani. Siku ya tatu akaja mfanyabiashara wa Tunduma, nitamwita Bwana Siame ingawa si jina lake, na katoni nzima ya kwinini. Zawadi. Alikuja na mchungaji, na shemasi, na mtu wa kupiga picha. Mkuu wa gereza wa wakati huo, mtu mrefu mwenye haraka, alipanga askari mistari miwili. Hotuba zilisomwa. Bwana Siame, aliyezoea kufanya biashara na watu wa upande wa pili, aliishukuru hadhara kwa Kiswahili, akaongeza "natotela" kwa Kibemba, watu wakapiga makofi. Mimi niliitwa mbele kutia sahihi ya kupokea.

Nilifungua kopo moja. Tarehe ya kuisha muda ilikuwa imepigwa mhuri juu ya tarehe nyingine. Namba ya toleo haikuwepo. Vidonge vilikuwa vinamomonyoka pembeni. Nilimwomba Mkuu tusogee kando kidogo.

"Siwezi kusaini hii, afande."

"Una maana gani huwezi?"

Nikamwonyesha tarehe. Alitazama juu juu, kama mtu anayetazamwa na wageni wake. "Watu kumi na mmoja wanaumwa," alisema kwa sauti ya chini, "na wewe unataka lebo."

Alikuwa na haki upande wake. Masanja alikuwa akiweweseka umbali wa hatua ishirini kutoka pale tulipokuwa tumesimama. Kama dawa ile ilikuwa nzima, ila imehifadhiwa vibaya, na mimi nikaikataa, halafu mtu akafa, ningejitetea na nini? Na kama mhuri ule ulificha uongo, nami nikaipokea? Nilikumbuka jambo moja tu linalojulikana na kila aliyewahi kuumwa malaria: kwinini ni chungu. Huhitaji maabara kulijua hilo. Nikaenda chumbani, nikarudi na kile kipande kilichovunjika cha kopo letu la zamani kwenye karatasi, na kimoja kutoka kwenye katoni.

"Naomba uonje, afande."

"Nionje nini?"

"Chembe tu. Hii kwanza."

Aliiweka ulimini kunifukuza tu. Uso wake ulikunjamana mpaka kofia ikasogea. Alitema, akatafuta maji, akapewa kikombe cha mgeni rasmi. Mchungaji alikuja kuuliza kulikoni. Nikamsubiri Mkuu atulie, nikampa kidonge cha zawadi, akakivunja, akalamba, akangoja uchungu. Akalamba tena. Mwishowe akakitafuna chote, afande mzima, mbele ya askari wake, kama karanga.

"Hakina kitu," alisema.

"Kina unga, afande."

Halafu, na kwa hili nitamheshimu daima, akageuka kwa wageni na kusema kwamba zawadi imepokelewa kwa moyo, ila dawa yenyewe inahitaji kupimwa kabla ya kutumika, ndio utaratibu. Kwangu akasema, "Chukua lori. Tafuta ya kweli."

Hospitali zilizokuwa karibu nilikuwa nimeshaziuliza kwa simu ya upepo, nazo zilikuwa zimeishiwa kama sisi. Dereva wetu akasema Itumba huenda wanayo, maana mizigo yao ilipita mapema kabla barabara haijakatika. Tulilala tukijua hilo, tukaondoka alfajiri. Njia ya milima ya Ileje wakati wa masika ni ibada ya aina yake. Mara mbili tulishuka kusukuma, na mara moja tulisukumwa na watu waliokuwa wakienda shamba, ambao walikataa kutwambia lori lililotutangulia lilitoka vipi kwenye tope lile mpaka tulipokuwa tumeshatoka.

Mfamasia wa Itumba, mwanamke mwenye umri wangu, aliisoma barua yangu mara mbili. Hakutaka habari ndefu. Aliniletea makopo manne, akayafungua, na kabla hajanikabidhi akanisogezea kidonge. "Onja wewe mwenyewe, dada, usije ukarudi huku." Nikaonja. Machozi yalinitoka, na si uchungu wote ulikuwa wa kwinini.

Tulirudi alasiri. Wale kumi walianza dawa siku hiyo hiyo, wakapona mmoja mmoja. Masanja alikuwa amemaliza sindano zake, na tukamwendeleza kwa vidonge. Siku ya tano aliniita kitandani kulalamika.

"Afande, masikio yangu yanalia kama mzinga wa nyuki. Dawa yako ina kelele."

"Kelele hizo ndizo dawa, mzee."

"Basi iambie nimesikia," alisema, akageukia ukutani akalala.

Nimeulizwa mara nyingi kama ningefanya vile vile endapo Masanja angekufa siku ile ya lori. Jibu langu ni kwamba ningefanya, ila nisingekuwa naandika kwa furaha hii. Mjue hilo. Kushika kanuni kuna siku kunaonekana ushujaa kwa sababu tu barabara ya Itumba ilipitika.

Vidonge vya katoni vilipimwa na wenye vyombo vyao, na majibu yalikuwa ya unga kweli. Bwana Siame alikuja peke yake, bila mpiga picha. Alikuwa amedanganywa kama ambavyo tungedanganywa sisi. Aliketi kwenye benchi la zahanati, kofia magotini, akaniambia, "Mama, makopo mawili nilibaki nayo nyumbani. Nimewapa watoto wiki iliyopita." Nilimuuliza wanaendeleaje. Alisema wamepona, labda haikuwa malaria. Kisha akanitolea makopo yale mfukoni mwa koti, na mimi nikayatia kwenye sanduku jekundu mbele yake. Kuanzia hapo alikuwa akinisalimia sokoni kwa kuvua kofia.

Miaka ya mwisho kazi ilikuwa na utulivu zaidi. Dawa za kufubaza virusi zilipofika, tatizo letu halikuwa tena vidonge, lilikuwa macho ya foleni. Mtu alikuwa tayari kufa kuliko kuonekana akipewa kopo lile. Tukafanya kila mgonjwa, hata wa mafua, apokee dawa yake kwenye kikombe kile kile chenye kifuniko. Wa mafua walijiona wakubwa, na wale wengine wakaanza kuja. Tukaanza pia kumpa anayeachiwa huru dawa za mwezi mmoja na barua ya kituo cha kwao, kwa sababu tuligundua watu walikuwa wakitoka langoni na uhuru wao bila vidonge vyao.

Neema alikuja kwangu mwaka mmoja kabla sijastaafu, binti wa Vwawa, msomi, mpole, mwenye kupenda kompyuta. Nilikuwa na wasiwasi naye. Hakuwa akibishana na mtu, na dirisha lile linataka mtu wa kubishana.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa na sherehe uwanjani. Viti vilipangwa, pilau ilinukia tangu saa nne, Mkuu wa gereza alikuwa ameshavaa glavu nyeupe. Nilibakiza kukabidhi chumba. Nilikimbia kwenye daftari la joto la friji, mle tunamotunza dawa ya kisukari ya wagonjwa wetu wawili, nikaandika nyuzi nne, kama nilivyoandika asubuhi nyingi, nikatia sahihi na kuvaa kofia. Neema hakuchukua funguo. Alifungua friji, akakitazama kipimajoto.

"Mama," alisema, "hapa inasoma kumi na moja."

Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na mimi katika haraka zangu sikuwa nimefungua mlango wa friji kabisa. Niliandika nne kwa mazoea. Mjumbe alitumwa na Mkuu kusema wageni wameketi.

"Mwambie Mkuu asubiri," Neema alimjibu, bila kupandisha sauti. Akatoa sanduku la barafu, tukahamisha vichupa kimoja kimoja, tukasoma tarehe zake, akapiga simu kwa mfamasia wa wilaya kuuliza kama bado vinafaa. Vilifaa. Ilichukua dakika arobaini. Uwanjani, nadhani, hotuba zilifupishwa.

Kisha akafungua daftari, akaniwekea kalamu mkononi, akasubiri. Nilipiga mstari mmoja juu ya ile nne, nikaandika kumi na moja pembeni yake, nikatia sahihi yangu tena mbele yake. Akaisoma, akaniambia asante, akachukua funguo. Mimi nikatoka kwenda kula pilau, imepoa, na nilikula sahani mbili.